Fundi Asiyevaa Mkanda

Kwanza mjue kwamba Fundi hakuwahi kuvaa mkanda. Si kwamba aliukosa. Wateja walisahau mikanda yao kila walipokuja kujaribu suruali, naye akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango mpaka msumari ukaanza kuinama. Lakini alishikilia kwamba fundi anayevaa mkanda amekiri mbele za watu kuwa hajui kukata suruali. Suruali, alisema, inatakiwa imshike mtu kiunoni kama mama anavyomshika mtoto wakivuka barabara: isimbane, isimwachie. Aliyasema hayo kwa kila mteja mpya, na kwa wa zamani pia, kwa hiyo kama uliwahi kushonewa naye unaweza kuyarudia hata usingizini.

Alifanyia kazi kwenye mtaa wa maduka ya vitambaa, katika chumba kimoja kirefu chenye dirisha upande wa barabara. Chini ya dirisha kilikaa cherehani cheusi cha kukanyaga kwa mguu. Katikati ilikuwepo meza ya kukatia, imechorwachorwa kwa chaki, na karibu na mlango meza ya mpiga pasi, mwenzake wa miaka mingi, ambaye kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu ya hasira zake za karibu, mtaa mzima ulimwita Moto. Fundi alishona, Moto akanyoosha, na hakuna suruali iliyowahi kutoka mlangoni pale na aibu.

Fundi alikuwa na macho ya kupima. Akikuona tu unavuka barabara ameshajua kiuno chako, na kama umenenepa tangu mara ya mwisho, amejua kabla mkeo hajajua. Mtu mmoja tu hakuwahi kumpima, naye ni yeye mwenyewe. Suruali zake alizikata kwa karatasi ile ile ya ujanani, akaacha akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, halafu mara kwa mara akaifungua akiba ile kidogo, maana mwili ulikuwa unaongezeka. Alisema ni afya.

Na aliamini hivyo kwa dhati, kwa sababu alizaliwa kwenye nyumba ya maharage. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala, watoto walikuwa wengi, na sufuria ya mama yake ilikuwa na maharage leo, kunde kesho, na keshokutwa maharage tena yaliyoongezewa maji. Nyama iliingia ndani siku baba alipolipwa. Wakubwa walikula, wadogo wakapewa mchuzi na ruhusa ya kunyonya mfupa. Fundi alikuwa kitinda mimba, na mfupa ulimfikia ukiwa umeshanyonywa na kila mtu. Usicheke. Alipopelekwa kwa mjomba wake kujifunza kushona, alijiapiza kimoyomoyo kwamba siku mikono yake itakapoijua kazi, maharage na yeye basi.

Akatimiza. Tangu alipopata cherehani chake mwenyewe alikula nyama kama mtu anayelipiza kisasi. Kila adhuhuri yeye na Moto walivuka barabara kwenda kwa mchoma nyama wa pale kona, wakakaa kwenye benchi lao, wakala bila kusemeshana mpaka sahani ikabaki mifupa mitupu. Maini, figo, ulimi, chochote kilichotoka jikoni kikifuka moshi. Mboga za majani ziliwekwa pembeni ya sahani, naye alizisogeza kwa kidole, kwa upole, kama mtu anayemwondoa paka kitini.

Mkewe alifundisha chekechea, na Fundi alimwita Mwalimu hata wakiwa wawili tu. Walikutana kwenye chumba kile kile cha ushonaji. Enzi hizo alikuwa msichana aliyekuja jioni kujifunza kushona, na Fundi, ambaye hakuwa na subira na mwanafunzi yeyote, alimvumilia huyu mmoja kwa sababu ambazo Moto alizielewa kabla yake. Msichana alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mishono yake ya sindano ililalia upande wa pili, tofauti na ya watu wote. Fundi alimfundisha jambo moja hasa, akalirudia mpaka likamkaa: mshono mzuri hauonekani, na mvaaji hauhisi. Baadaye msichana aliacha sindano akashika chaki, na fundi aliyemfundisha akamuoa.

Basi wakaishi, watoto wakakua wakaenda kwao, na siku zikawa nzuri mpaka mguu ulipoharibu mambo.

Ilikuwa alfajiri. Fundi aliamka akipiga kelele kwamba kuna mtu amemwekea kaa la moto kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Mwalimu akawasha taa, akatafuta kaa, hakuona kaa. Aliona kidole kimevimba, chekundu, kinang'aa. Alipovuta shuka akifunike, mumewe alimwomba kwa jina la Mungu asimguse na shuka.

"Shuka tu, Fundi?"

"Mwalimu, hata usinipumulie."

Na mguu wa kulia ndio mguu wa kazi. Cherehani cha kukanyaga hakijui kubembeleza. Wakati mkono unaongoza kitambaa, mguu ndio unaokwenda, asubuhi hadi jioni, na ukisimama mguu imesimama kazi yote. Vitambaa vya watu vikaanza kurundikana. Moto, kwa huruma, akaazima mota ya umeme akaifunga, lakini nayo ilikuwa na pedali yake ya kukanyaga. Fundi akajaribu kwa mguu wa kushoto. Suruali ilitoka na mshono uliokwenda kama mlevi anayerudi nyumbani. Aliufumua wote, akauweka mkasi mezani, na kwa mara ya kwanza Moto akamwona mwenzake analengwalengwa na machozi.

Maumivu yalipungua, yakaondoka, yakarudi. Mara ya tatu Mwalimu alimpandisha kwenye gari akampeleka kwa daktari, binti mpole aliyesikiliza zaidi kuliko alivyosema.

"Mzee, mchana huwa unakula nini?"

"Nyama."

"Na jioni?"

"Ile iliyobaki."

"Na ikiwa haijabaki?"

"Daktari, kwani nimekuja hapa nikionekana mtu wa kukosa?"

Mwalimu aliangalia dari. Daktari hakucheka. Alimweleza polepole kwamba ugonjwa unaitwa jongo, kwamba damu yake ilikuwa imejaa tindikali inayoganda na kuwa chembe kali ndani ya kiungo, na kwamba presha yake nayo ilikuwa juu. Angempa dawa, ndiyo, lakini dawa isingeweza kushindana na sahani. Alitakiwa kula zaidi vitu vinavyotoka shambani: nafaka, kunde, mboga, matunda, karanga. Nyama iwe kitu cha siku moja moja, kidogo, na maini na figo ayaage kabisa. Na ule mwili nao upungue.

"Nisipofanya?"

"Kiungo kitaharibika, Mzee. Ukifika hapo, hutakanyaga cherehani tena, hata nikupe dawa gani." Kisha akaongeza, "Na usikate tamaa mapema. Hata ukifuata yote, miezi ya kwanza mguu unaweza ukakukumbusha mara moja mbili. Haina maana kwamba umeshindwa."

Sentensi hiyo ya mwisho Mwalimu aliisikia. Fundi alikuwa bado anaomboleza maini.

Jioni ile Mwalimu aliweka mezani sufuria moja ya maharage yaliyoungwa kwa kitunguu na nyanya, na bakuli la mboga za majani zenye karanga. Sufuria ya pili haikuwepo.

"Na wewe unakula nini?" Fundi akauliza.

"Unachokula wewe."

"Wewe huumwi."

"Sitaki kuumwa. Sogeza sahani."

Fundi akala kijiko, akakitua. "Mwalimu, umenirudisha kwa mama yangu."

"Mpe salamu."

Alikula huku amenuna. Na hapo ndipo aliposema maneno ambayo wote wawili walikuja kuyalipia.

"Nitakonda," alisema.

"Utapungua. Kukonda ni kitu kingine."

"Watu hawajui tofauti. Wataanza kunong'ona ninaumwa nini. Halafu fikiria, fundi wa suruali, yake mwenyewe inamvuka! Nani ataniletea kitambaa? Siku suruali yangu itakaponilegea kiunoni, Mwalimu, siku hiyo hiyo narudi kwa mchoma nyama. Nimesema."

Mwalimu alikuwa na uzoefu wa watu wanaosema nimesema. Darasa lake lilikuwa limejaa watu wa aina hiyo, wenye umri wa miaka minne. Hakubishana. Aliitazama suruali iliyotundikwa mlangoni, kisha akaendelea kula.

Wiki za mwanzo Fundi aliona cha mtema kuni. Adhuhuri ilikuwa mbaya zaidi. Harufu ilivuka barabara ikaingia dirishani bila kubisha hodi, naye akiwa na kibakuli chake cha dengu juu ya meza ya kukatia. Moto, aliyekuwa mtu wa makelele, akawa mtu wa visingizio: kila ilipofika saa ya kula alisema anakwenda kutafuta uzi, au kumwona fundi wa pasi, akatoweka, akarudi amejifuta mdomo vizuri. Fundi alidhani mwenzake amemchoka. Hakuuliza, akameza mate na dengu pamoja.

Lakini ulimi ni kiungo cha ajabu. Baada ya muda alianza kutambua vitu. Aligundua kwamba kitunguu kikikaangwa polepole kina utamu wake, kwamba mtama una harufu ya nyumbani, kwamba boga la kuchemsha halihitaji mtu wa kulitetea. Jioni moja alifuta sahani ya maharage kwa kipande cha mkate mpaka ikang'aa, halafu akaendelea kuitazama.

"Nini?" Mwalimu akauliza.

"Mama alikuwa hana nyanya," alisema. "Mara nyingi hata kitunguu hana. Na yalikuwa matamu. Nilikuwa sijui yalikuwa matamu."

Mwalimu akamwongezea bila kuulizwa.

Mambo mengine yalibadilika vilevile, ila Fundi aliyapa sababu nyingine. Alipopanda ngazi za duka la vifungo bila kusimama katikati, alisema wamezirekebisha ngazi. Alipoanza kulala usingizi mzito, alisifu hali ya hewa. Na watu walipomwambia, "Fundi, umepungua bwana, unapendeza!" aliwaangalia kwa masikitiko.

"Macho yako yana shida," alijibu. "Suruali ni ile ile." Akajipiga kiunoni, na kweli, suruali ilikuwa imemshika barabara, haibani, haiachii.

Maana sasa alikuwa ameanza kuiangalia suruali kwa jicho jingine. Binadamu ndivyo tulivyo: yule yule aliyeogopa kupungua akaanza kulalamika hapungui. Mizani hakuikubali, alisema mizani ni ya viazi. Kwake mwili ulipimwa kwa kitambaa, na kitambaa kilisema hakuna kilichotokea. Kila asubuhi alivaa, akafunga kifungo, akaingiza vidole viwili kiunoni kama anavyowafanyia wateja, vikaingia viwili tu. Miezi ikapita. Vidole viwili.

Ndipo mguu ukarudi.

Haukuwa mkali kama mwanzo. Shuka aliivumilia. Lakini siku kadhaa hakuweza kukanyaga, na alikaa kwenye kiti chake chini ya dirisha akikitazama cherehani kama mtu aliyesalitiwa na pande zote. Mwalimu alimkumbusha maneno ya daktari, kwamba mguu unaweza kukumbusha. Hakuyakumbuka, na hakutaka kuyakumbuka.

"Niangalie," alimwambia mkewe jioni. "Nimekula majani mpaka karibu nianze kulia kama mbuzi. Mguu ule ule. Kiuno kile kile. Sasa nimepata nini?"

"Fundi, kiuno..." Mwalimu alianza.

"Kiuno nini? Kiuno nakijua mimi! Ni kazi yangu!" Akainuka kwa shida. "Jumamosi Moto anahamia nyumba yake mpya, anachoma mbuzi. Nitakaa mezani kama mtu mzima na nitakula kama wenzangu. Na nikimaliza hapo, sitaki tena kusikia habari za dengu."

Mwalimu alikuwa na jambo kooni, na lilionekana wazi, lakini mumewe alikuwa tayari anachechemea kwenda chumbani. Akasema tu, "Haya. Mguu ni wako." Kisha akaketi peke yake jikoni.

Jumamosi Fundi alifika kazini mapema. Mguu ulikuwa umetulia, ila moyo haukutulia. Moto naye alikuwepo, maana kulikuwa na nguo za wateja za kunyoosha kabla ya kwenda kuchoma mbuzi wake. Fundi alikuwa na mpango: angemaliza pindo mbili, wangeondoka pamoja. Alikwenda nyuma ya mlango kuchukua koti lake. Koti lilikuwa limenaswa chini ya mikanda. Akalivuta, na wakati anageuka, ule msumari ulioinamishwa na mikanda ya watu ukamshika nyuma ya kiuno. Kitambaa kikalia chwaa.

"Mikanda imelipiza," Moto akasema.

Fundi hakuona kichekesho. Alikwenda nyuma ya pazia, akaivua suruali, akajifunga kipande cha kitambaa cha bitana, akarudi nayo mezani. Akaigeuza nje ndani ili aone mpasuko umefika wapi. Ndipo mkono ukasimama.

Akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, ile aliyokwisha kuifungua karibu yote kwa ajili ya unene, ilikuwa imerudi. Si imerudi tu, imezidi. Kulikuwa na pindo juu ya pindo, kitambaa kimekunjwa ndani, kikashonwa kwa mkono. Kando yake mshono mwingine, wa zamani kidogo. Kando ya huo mwingine tena. Na ubavuni vilevile. Mtu alikuwa ameipunguza suruali hii, kidogo, halafu kidogo tena, halafu tena, kila mara kwa kipimo ambacho mvaaji hawezi kukihisi. Akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Mishono ilikuwa midogo, imebanana, safi. Na yote ililalia upande wa pili.

Fundi akaketi.

Ilimchukua muda kuelewa, na muda mwingine kuamini. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya pindo zile. Kitambaa kikikunjwa mara nyingi hivyo hufanya uvimbe, na uvimbe humkwaza mtu akikaa. Hapa hapakuwa na uvimbe. Pindo zilikuwa zimelazwa kwa pasi yenye joto na kitambaa kilicholowa, zikabanwa mpaka zikawa bapa, na pembeni pakabaki ule mng'ao mdogo ambao Fundi aliuona kila siku ya maisha yake.

"Moto."

Moto alikuwa ameipa mgongo meza, ananyoosha shati ambalo lilikuwa limeshanyooka.

"Moto, hii pasi ni yako."

"Pasi ziko nyingi mjini."

"Moto!"

Mpiga pasi akaitua pasi yake. "Shemeji ndiye aliyekuja," alisema. "Alikuwa anazileta siku za mapumziko, wewe umelala. Akaniambia, huyu amesema ikimlegea anaacha chakula cha daktari, sasa sisi tusiiache imlegee. Akishona mimi nanyoosha. Suruali zote tatu. Nilikuwa nazirudisha usiione hata alama ya chaki."

"Na mimi nilikuwa naona sipungui!"

"Hilo hatukulipigia hesabu," Moto akakiri. "Shemeji tangu juzi hana raha. Alikuwa anataka kukuambia, na anaogopa utaona tumekufanya mtoto."

Fundi alichukua kisu kidogo cha kufumulia, akakata mshono wa kwanza. Halafu wa pili. Alifumua kwa heshima, uzi mmoja mmoja, mpaka zile pindo zote zikafunguka na suruali ikarudi kuwa ile aliyoingia nayo kwa daktari. Akaziba mpasuko wa msumari kwa mishono michache ya haraka. Akaivaa, akafunga kifungo, akasimama mbele ya kioo ambacho kwa miaka yote aliwaonyeshea watu wengine.

Suruali ikashuka mpaka magotini.

Moto alijikaza kisabuni, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka machozi yakamtoka, na Fundi, akiwa amesimama pale na miguu yake mitupu na suruali magotini, akacheka pia, kicheko ambacho katikati yake kiligeuka kuwa kitu kingine. Alipandisha suruali kwa mikono miwili, akaivuta mbele ya tumbo. Pale katikati ya kitambaa na mwili angeweza kuingia mtu mwingine. Mtu yule alikuwa ameondoka kidogo kidogo, na mwenyewe hakumwona akienda.

"Kwa hiyo dengu ilikuwa inafanya kazi," alisema.

"Ilikuwa inafanya kazi, kaka."

"Na wewe? Ule uzi uliokuwa unakwenda kuutafuta kila adhuhuri?"

Moto akaona haya. "Nilikuwa nakula kwenye kona ya mbali. Hapa harufu ingekutesa."

Fundi akampiga mwenzake begani, mara mbili, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Halafu akatafuta kitu cha kuzuia suruali. Mikanda ya watu hakuigusa, alikuwa bado na msimamo. Akachukua futi yake ya kupimia, ile iliyokaa shingoni siku zote, akaizungusha kiunoni, akaifunga fundo mbele.

"Tangulia kwa mbuzi wako," alisema. "Mimi ninapita nyumbani kwanza."

Akakatisha mtaa wa vitambaa hivyo hivyo, suruali imekunjamana kama gunia, futi ya njano kiunoni. Watu walimwita, wengine wakamcheka waziwazi. Fundi aliwapungia mkono. Mguu wa kulia ulikanyaga chini bila kulalamika, na sasa alikuwa anausikiliza. Kwa miezi mingi aliusikiliza ulipouma tu. Leo aliusikiliza ukiwa hauumi, na moyo wake ukajaa shukrani mpaka akaogopa atalia barabarani, mtu mzima, na futi kiunoni.

Mwalimu alikuwa anachambua kunde kwenye ungo. Aliinua uso, akaiona suruali, akaiona futi, na mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Umezifumua," alisema.

"Nimezifumua."

"Umekasirika?"

"Mkono wako bado unalala kushoto," Fundi akasema. "Nilikuambia uunyooshe, ukakataa. Ungeunyoosha leo nisingejua ni nani wa kumshukuru."

Mwalimu akaanza kueleza, kwamba alitaka kumwambia, kwamba alipomwona amekata tamaa alijua kosa ni lake, kwamba siku ile jikoni maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Fundi akamkatiza. Alifungua fundo la futi, akashika suruali kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akampa mkewe futi.

"Nipime."

"Nini?"

"Nipime kiuno. Sijawahi kupimwa. Nipime, na usome kwa sauti."

Mwalimu alivaa miwani yake. Akaizungusha futi kiunoni mwa mumewe, akaingiza vidole viwili kama alivyofundishwa zamani katika chumba kile, akaisoma namba kwa sauti ya darasani. Fundi akamwambia arudie. Akarudia. Mara ya tatu hakuomba, alimshika mkono ule wa kushoto pale pale ulipokuwa, juu ya futi, akaushikilia.

"Asante," alisema. "Asante, Mwalimu. Sina jingine."

Kwa Moto walikwenda pamoja, wamechelewa. Mbuzi alikuwa ameshachomwa na wageni wameshakaa. Kwenye kiti kilichoachwa kwa Fundi palikuwa na sahani imefunikwa: wali, dengu, mboga za majani, na ndizi mbivu mbili. Kando yake, kwenye kisahani kidogo, kipande kimoja cha nyama, si kikubwa kuliko kiberiti, kwa sababu daktari alisema siku moja moja na Moto alikuwa ameuliza. Fundi alikila taratibu, mwisho kabisa, kama mtoto anayejua mfupa haurudi. Kilikuwa kitamu. Kilimtosha.

Alirudi kwa daktari, na damu ilikuwa imetulia, na presha imeshuka. Mguu ulimkumbusha mara moja tena, kidogo, kisha ukaacha.

Wiki ile ile aliyotoka kwa daktari, Fundi alijikatia suruali mpya. Alichora karatasi mpya, akaitupa ile ya ujanani. Alikaa chini ya dirisha, akaweka mguu wa kulia kwenye pedali, akakanyaga, na cherehani kikaenda mpaka mwisho wa mshono bila kupumzika.

Mwalimu ndiye aliyeifua mara ya kwanza. Kwa mazoea ya miezi mingi aliigeuza nje ndani, akaupeleka mkono kwenye mshono wa nyuma kutafuta ile akiba ya kitambaa ambayo mumewe aliiacha kwenye kila suruali aliyowahi kujikatia. Akatafuta juu, akatafuta chini. Mshono ulikuwa umekatwa ukingoni kabisa, na nyuma yake hapakuwa na kitambaa cha kufungua. Mwalimu alikaa kando ya beseni na suruali ile mbichi mapajani, maji yakimchuruzika miguuni, akamwita mumewe.

"Hukuacha akiba," alisema.

"Sikuacha," Fundi akajibu kutoka jikoni. Alikuwa anakaanga kitunguu, polepole.